Sindano, Ubongo na Dawa: Jinsi Akupancha Inavyotuliza Maumivu

Katika miteremko ya Milima ya Uluguru, mzigo hubebwa na binadamu kabla haujabebwa na gari. Ndizi za Kinole, kabichi na karoti za Mgeta, viungo vya Matombo: sehemu kubwa ya mazao hayo hushushwa kichwani au begani kwa njia nyembamba za miguu hadi mahali ambapo pikipiki au lori huweza kufika, ndipo yaendelee na safari ya kwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro. Kazi hiyo huanza utotoni na huendelea hadi uzeeni. Shingo, kiuno na magoti ndivyo vinavyolipa gharama yake.

Mtu anayeumwa kiuno kwa miezi mitatu hakai bila kutafuta nafuu. Hununua vidonge vya diklofenaki dukani. Huchanjwa chale na kupakwa dawa, au huumikwa kwa pembe. Hufika zahanati akapewa paracetamol, na akishuka mjini huenda akasikia habari za sindano za Kichina, akajaribu nazo. Njia hizi zote zinaweza kupitiwa na mgonjwa mmoja ndani ya mwezi mmoja, na mara nyingi kila mtoa huduma hajui kilichofanywa na mwenzake.

Ukimya huo una madhara. Utafiti wa zaidi ya miaka 50 umeonyesha kwamba akupancha hutuliza maumivu kwa kutumia njia za neva na kemikali zilezile ambazo dawa nyingi hufanyia kazi. Kwa sababu hiyo, kilichomo katika mfuko wa dawa wa mgonjwa kinaweza kuongeza, kupunguza au hata kuzima kabisa nafuu ya sindano. Nayo nafuu ya sindano, ikipatikana, inaweza kumfumba macho mgonjwa asiuone ugonjwa unaoendelea kumla ndani. Anayezielewa njia hizi, awe mgonjwa au mhudumu wa afya, atajua pia ni maswali gani yanapaswa kuulizwa kabla sindano ya kwanza haijachomwa.

Tiba yenye historia nchini

Akupancha ni tiba ya kuchoma sindano nyembamba, zisizo na tundu wala dawa ndani yake, katika sehemu maalumu za mwili. Imeelezwa katika maandishi ya kitabibu ya China yaliyokusanywa takriban miaka 2,000 iliyopita. Kwa Watanzania si tiba ya jana. Timu ya kwanza ya madaktari wa Kichina ilifika Zanzibar mwaka 1964, kutoka jimbo la Jiangsu. Ya Tanzania Bara ilifuata mwaka 1968, kutoka jimbo la Shandong. Tangu hapo timu hizo zimekuwa zikipokezana, na mara nyingi miongoni mwao amekuwamo mtaalamu wa akupancha. Mkoa wa Morogoro wenyewe uliwapokea Wachina wengi wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA, kati ya mwaka 1970 na 1975, reli hiyo ilipopita katika bonde la Kilombero. Pamoja na wahandisi na mafundi walikuja madaktari wao.

Nchi za Magharibi zilianza kuizungumzia sana akupancha mwaka 1971. Mwandishi wa gazeti la New York Times, James Reston, alikuwa ziarani China alipopatwa na ugonjwa wa kidole tumbo na kufanyiwa upasuaji mjini Beijing. Watu wengi husimulia kwamba alipasuliwa kwa sindano tupu. Ukweli ni kwamba upasuaji ulifanyika kwa dawa ya ganzi ya kawaida. Sindano zilitumika baadaye, kumpunguzia usumbufu wa tumbo. Hata hivyo makala yake yaliwafanya wanasayansi wengi waulize swali moja: je, kuna kitu halisi kinachotokea mwilini sindano inapochomwa, au ni imani ya mgonjwa tu?

Jinsi maumivu yanavyopanda

Ili kulijibu swali hilo ni lazima kwanza kujua maumivu hupita wapi. Ngozi, misuli na viungo vina neva zinazotambua jeraha. Nyuzi zake ni za aina mbili. Zile za haraka huleta uchungu mkali wa papo hapo, kama mtu anapokanyaga mwiba. Zile za polepole huleta uchungu mzito unaofuata na kukaa muda mrefu. Nyuzi hizo huingia katika ugwe wa neva uliomo ndani ya uti wa mgongo, na hapo hukabidhi ujumbe kwa seli nyingine zinazoupandisha hadi kwenye ubongo.

Mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia iliyobadilisha elimu ya maumivu. Walisema kwamba katika ugwe wa neva kuna lango. Ujumbe wa maumivu haupiti moja kwa moja. Lango laweza kufunguliwa au kufungwa kulingana na ujumbe mwingine unaoingia kwa wakati huohuo. Ndiyo maana mtu aliyejikwaa hulisugua dole gumba bila kufikiri: neva za mguso zinazoamshwa na kule kusugua husaidia kulisogeza lango lifungwe.

Mkulima wa Mgeta anaweza kuielewa nadharia hii kuliko mtu mwingine yeyote. Maji ya kijito huingia shambani kwa mfereji, naye huamua yapite kiasi gani kwa kuweka au kuondoa udongo na mawe mahali mfereji unapogawanyika. Maji ni yaleyale. Kinachobadilika ni kizuizi. Vivyo hivyo, jeraha moja linaweza kuumiza sana au kidogo kulingana na hali ya lango.

Mto unaoshuka

Lango hilo halitawaliwi na neva za chini peke yake. Mto Ruvu huanzia juu katika Uluguru, na kinachotokea kwenye chemchemi zake huamua ni maji kiasi gani yatafika Dar es Salaam. Mwilini nako kuna njia inayoshuka kutoka ubongoni hadi kwenye lango la uti wa mgongo, na kazi yake mojawapo ni kuyadhibiti maumivu.

Mwaka 1969, mtafiti David Reynolds alionyesha kwamba akisisimua kwa umeme sehemu ya kijivu iliyopo katikati ya ubongo wa kati wa panya, panya huyo aliweza kupasuliwa tumbo bila dawa ya ganzi na bila kuonyesha dalili za maumivu. Kutoka sehemu hiyo ya kijivu, ujumbe hushuka hadi sehemu ya chini ya shina la ubongo, kisha huingia katika uti wa mgongo. Huko huachilia kemikali za serotonini na noradrenalini, pamoja na kemikali nyingine zinazofanana na mofini, na lango hujifunga. Dawa ya amitriptilini, ambayo madaktari huiandika kwa maumivu ya neva, hufanya kazi kwa kiasi fulani kwa kuongeza serotonini na noradrenalini katika njia hiihii inayoshuka.

Sindano ya akupancha inagonga wapi? Inagonga neva, hasa zile zilizomo ndani ya misuli. Mgonjwa aliyechomwa vizuri huhisi uzito, ganzi au mvuto kuizunguka sindano, na wataalamu wa China huihesabu hisia hiyo kuwa dalili ya tiba kufika. Mwaka 1973, watafiti wa China waliingiza dawa ya ganzi, prokaini, ndani ya misuli kwenye sehemu inayochomwa. Hisia ile ilitoweka, na nafuu ya maumivu ikatoweka nayo. Hiyo ilikuwa dawa ya kwanza kuonyesha kwamba akupancha haifanyi kazi pasipo neva iliyo hai.

Mofini inayotengenezwa mwilini

Katika miaka hiyohiyo, Profesa Han Jisheng wa Beijing alipima uwezo wa watu wa kujitolea wa kuvumilia maumivu huku wakichomwa sindano mkononi, kati ya kidole gumba na cha shahada. Nafuu haikuja ghafla. Ilipanda polepole kwa takriban nusu saa, na sindano zilipoondolewa ilishuka polepole. Kama ujumbe wa neva peke yake ndio uliohusika, nafuu ingekoma mara moja. Mwendo huo wa polepole ulimfanya ashuku kwamba kuna kemikali inayozalishwa. Alichukua maji ya ubongo ya sungura aliyepata tiba ya sindano, akayaingiza katika ubongo wa sungura ambaye hakutibiwa. Sungura wa pili naye akawa mvumilivu zaidi wa maumivu.

Kemikali zenyewe zilianza kufahamika mwaka 1975, John Hughes na Hans Kosterlitz walipotangaza huko Aberdeen, Uskoti, kwamba ubongo hutengeneza viini vinavyofanya kazi kama mofini. Waliviita enkefalini. Baadaye ziligunduliwa endofini na dainofini. Kumbe mofini inayochanganywa kuwa dawa ya maji kwa wagonjwa wa saratani hutuliza maumivu kwa sababu inapata vipokezi ambavyo mwili uliviweka kwa ajili ya kemikali zake wenyewe.

Kutoka hapo jaribio la uhakika liliwezekana. Naloksoni ni dawa inayoziba vipokezi vya mofini. Hutumika hospitalini kumwokoa mtu aliyezidisha heroini au mofini. Mwaka 1976, Bruce Pomeranz na Daryl Chiu, huko Toronto, waliwapa panya naloksoni kabla ya tiba ya sindano. Nafuu ilizimika. Mwaka 1977, David Mayer na wenzake walipata matokeo ya aina hiyohiyo kwa binadamu waliopimwa kwa maumivu ya jino. Tiba iliyoelezwa kwa karne nyingi kwa lugha ya mikondo ya nguvu mwilini ilikuwa imezimwa na dawa moja ya hospitali, na kwa kuzimwa huko ikajulikana inapita mlango gani.

Umeme, usugu na wasiopata nafuu

Leo sindano nyingi huunganishwa na kifaa kidogo cha umeme. Kasi ya umeme huo ina maana. Kundi la Profesa Han lilionyesha kwamba mipigo 2 kwa sekunde huachilia zaidi enkefalini na endofini, ilhali mipigo 100 kwa sekunde huachilia zaidi dainofini, ambayo hutumia kipokezi tofauti. Kwa hiyo mtaalamu anayebadilisha kasi wakati wa tiba anafungua milango miwili badala ya mmoja.

Kama ilivyo kwa mofini, tiba hii nayo inaweza kuzoeleka. Panya waliopewa umeme wa sindano kwa saa nyingi mfululizo waliacha kupata nafuu, na cha kushangaza zaidi, mofini yenyewe ilipungua nguvu kwao. Sababu mojawapo ni kemikali iitwayo kolesistokinini, ambayo mwili huiachilia ili kupingana na kemikali za aina ya mofini zinapozidi. Ilipozibwa kwa dawa, nafuu ilirudi. Panya waliozaliwa na tabia ya kuachilia kolesistokinini nyingi ndio waliopata nafuu ndogo tangu mwanzo.

Matokeo hayo yana mafunzo mawili kwa mgonjwa. La kwanza ni kwamba kuchomwa kila siku kwa saa nyingi hakuleti nafuu maradufu. Vipindi vya takriban nusu saa vyenye nafasi kati yake vina mantiki zaidi. La pili ni kwamba asiyepata nafuu baada ya vipindi kadhaa hana sababu ya kujilaumu, wala kuambiwa hana imani. Huenda mwili wake una mfumo wa kupinga ulio na nguvu.

Mtu aliyetumia tramadoli au mofini kwa muda mrefu naye yumo katika hesabu hii, kwa kuwa vipokezi vyake vimekwisha kuizoea dawa. Anayetumia methadoni katika kliniki kama zile zilizoanzia Muhimbili mwaka 2011 ana hali hiyohiyo. Na anayetumia naltreksoni, inayoziba vipokezi kama naloksoni ifanyavyo, anaweza kutoona nafuu kubwa kutoka kwa sindano zenye kasi ndogo ya umeme. Kwao wote akupancha haikatazwi, lakini matarajio yanapaswa kuwa ya wastani na taarifa ni lazima zitolewe.

Deksamethasoni, adenosini na kikombe cha kahawa

Dawa nyingine inayostahili kutajwa ni deksamethasoni. Dawa hii ya jamii ya steroidi huizuia tezi iliyo chini ya ubongo isitoe homoni fulani, na endofini hutoka katika tezi hiyo pamoja na homoni hizo. Mwaka 1979, kundi la Pomeranz lilionyesha kwamba panya waliopewa deksamethasoni walipata nafuu pungufu kutoka kwa sindano. Jambo hili ni la kuzingatiwa kwa sababu katika nchi mbalimbali unga na vidonge vinavyouzwa kama dawa za asili za baridi yabisi vimewahi kukutwa vimechanganywa steroidi kwa siri. Mgonjwa anayevimba uso, anayeongezeka uzito haraka na anayesema kwamba dawa fulani ya mitishamba humwondolea maumivu yote kwa siku moja, anahitaji kuulizwa kwa makini. Asiiache dawa hiyo ghafla, kwani mwili uliozoea steroidi unaweza kuzimia; afikishwe kwa daktari.

Si nafuu yote inayotoka ubongoni. Mwaka 2010, Maiken Nedergaard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walipima majimaji ya misuli ya panya kando ya sindano iliyokuwa ikizungushwa chini ya goti. Kiasi cha adenosini kilipanda sana. Adenosini hutuliza neva za maumivu palepale ilipo, kupitia kipokezi kiitwacho A1. Panya waliozaliwa bila kipokezi hicho hawakupata nafuu yoyote. Watafiti walipotumia dawa inayochelewesha kuvunjwa kwa adenosini, nafuu ya sindano ilidumu muda mrefu zaidi.

Kafeini ya kahawa na chai huziba vipokezi vya adenosini. Ndiyo maana huondoa usingizi. Panya waliopewa kafeini kwa kiasi kidogo walipoteza nafuu ya sindano. Kwa binadamu uhusiano huo haujathibitishwa, kwa hiyo hakuna haja ya kumwamuru mzee wa Morogoro aache kahawa yake ya kibarazani. Hata hivyo, kuahirisha kikombe hadi baada ya tiba hakumgharimu mtu chochote.

Chale na kuumika

Msomaji wa Uluguru anaweza kuuliza: je, chale na kuumika navyo hutumia njia hizihizi? Mwaka 1979, Daniel Le Bars na wenzake mjini Paris walieleza jambo ambalo wahenga walilijua kwa uzoefu, kwamba uchungu mpya katika sehemu moja ya mwili hupunguza uchungu wa sehemu nyingine. Shina la ubongo hushusha amri inayozima ujumbe wa maumivu mengine kwa muda. Kwa hiyo nafuu inayofuata chale au pembe inaweza kuwa ya kweli, na mhudumu wa afya hana sababu ya kumcheka mgonjwa anayeisimulia.

Tofauti iko katika madhara. Nafuu ya namna hiyo mara nyingi ni fupi, ilhali chale huacha jeraha wazi. Wembe uliotumika kwa mtu mwingine unaweza kubeba virusi vya homa ya ini aina ya B na C, au VVU. Dawa inayopakwa juu ya jeraha inaweza kubeba vijidudu vya pepopunda. Sharti la sindano ya akupancha ni hilohilo: iwe mpya, itolewe katika pakiti iliyofungwa mbele ya macho ya mgonjwa, itumike mara moja na kutupwa katika sanduku la vifaa vyenye ncha kali.

Nguvu ya matarajio

Limebaki swali la imani. Nchini Ujerumani, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2007 uliwahusisha watu 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno. Kundi moja lilipata akupancha halisi, la pili lilipata sindano za kuigiza, zilizochomwa juujuu mahali pasipo maalumu, na la tatu lilipata tiba ya kawaida ya dawa na mazoezi. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 47.6 katika kundi la kwanza, asilimia 44.2 katika la pili na asilimia 27.4 katika la tatu. Sindano za aina zote mbili zilishinda tiba ya kawaida, lakini baina yazo tofauti ilikuwa ndogo mno.

Wapo wanaosoma matokeo hayo na kuhitimisha kwamba akupancha ni mazingaombwe. Hitimisho hilo linasahau kwamba matarajio nayo yana kemia. Mwaka 1978, Jon Levine na wenzake, huko Marekani, walionyesha kwamba nafuu inayopatikana kwa dawa tupu baada ya kung'olewa jino huzuiwa na naloksoni. Ubongo unaotarajia nafuu huitumia njia ileile inayoshuka. Mwaka 2009, Richard Harris na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan waliwapiga picha za ubongo wanawake 20 wenye maumivu ya mwili mzima. Makundi yote mawili, la sindano halisi na la kuigiza, yalipata nafuu inayokaribiana; lakini ni sindano halisi pekee zilizoongeza uwezo wa vipokezi vya aina ya mofini kushika kemikali yake. Nafuu ileile ilifikiwa kwa njia mbili tofauti.

Uchambuzi uliounganisha tafiti 39 zenye wagonjwa 20,827, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba kwa maumivu sugu ya mgongo, shingo, magoti na kichwa akupancha inazishinda sindano za kuigiza kwa kiasi kidogo, na inashinda kutotibiwa kwa kiasi kikubwa zaidi. Ndiyo sababu hata miongozo ya kitaifa hutofautiana. Nchini Uingereza, taasisi ya NICE iliiruhusu mwaka 2021 kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo kingine, huku mwongozo wake wa maumivu ya kiuno wa mwaka 2016 ukishauri isitumike. Kauli ya haki kwa mgonjwa ni kwamba tiba hii inaweza kumsaidia kwa kiasi, haiponyi ugonjwa wa mfupa wala wa kiungo, na inafaa zaidi ikiambatana na mazoezi na kubadili namna ya kubeba mizigo.

Maswali kabla ya sindano

Kutokana na yote hayo, mhudumu wa afya anayempokea mgonjwa wa maumivu sugu anapaswa kuuliza kuhusu kila kinachoingia na kinachochoma mwili wake: vidonge vya dukani, dawa za hospitali, mitishamba, chale, pembe na sindano. Aulize kwa upole. Mgonjwa anayeogopa kugombezwa hatasema.

Mgonjwa naye amweleze mtaalamu wa akupancha dawa zake zote, na ikiwezekana abebe vifungashio vyake. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda anaweza kuvuja damu ndani ya misuli sindano ikiingia kwa kina. Mjamzito, mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo na mwenye kifafa wana tahadhari zao, hasa sindano zinapounganishwa na umeme. Sindano za kifuani na mgongoni kwa juu zikichomwa ovyo zinaweza kutoboa utando wa pafu. Ndiyo maana Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza la kusajili watoa huduma hizi, na mgonjwa ana haki ya kuuliza kama anayemchoma amesajiliwa.

Dawa zilizoandikwa na daktari zisiachwe kwa sababu sindano imeleta nafuu. Vidonge vya kisukari, shinikizo la damu, kifafa au VVU havina mbadala katika akupancha. Mofini na amitriptilini hupunguzwa hatua kwa hatua, chini ya uangalizi. Dawa inayofaa kupunguzwa kwanza, maumivu yakitulia, ni ile diklofenaki ya kununua dukani kila wiki, ambayo huchubua tumbo, hupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo kimyakimya.

Jambo la mwisho ndilo linalookoa viungo na maisha. Kuna maumivu ya mgongo ambayo hayapaswi kutulizwa kabla hayajachunguzwa. Maumivu yanayoambatana na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa unaotibika kwa dawa lakini unaopoozesha ukicheleweshwa. Miguu inayolegea, ganzi ya sehemu za siri, mkojo au choo kisichozuilika, maumivu yanayozidi usiku kwa mtu aliyewahi kuugua saratani, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka: kila moja kati ya hayo ni sababu ya kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na kutoka hapo kupewa rufaa. Endofini haijui tofauti kati ya msuli uliochoka kwa kubeba ndizi na mfupa unaoliwa na vijidudu. Hutuliza vyote viwili sawasawa. Kuvitofautisha ni kazi ya mhudumu wa afya, nayo huanza kwa kuuliza, kumpima mgonjwa na kuutazama mfuko wake wa dawa.